Jengo nembo ni jengo la namna gani?

Mpe mtoto wa Nairobi kalamu umwambie achore jiji lake. Kuna uwezekano mkubwa atachora mnara wa mviringo wenye kofia pana juu, na kando yake koni. Hakuna haja ya kuandika jina. Kila mtazamaji atasema, hilo ni KICC, yaani Jumba la Mikutano ya Kimataifa la Kenyatta. Hilo ndilo jengo nembo: umbo lake peke yake linatosha kulitaja jiji zima.

Wengi hudhani sifa hiyo huja na urefu. KICC lina ghorofa 28 na kimo cha mita 105, na lilipofunguliwa mwaka 1973 lilikuwa refu kuliko majengo yote ya Kenya. Baadaye Times Tower likalipita, yakafuata mengine. Lakini nani anayachora hayo?

Walilisanifu Karl Henrik Nøstvik kutoka Norway na Mkenya David Mutiso. Mwanzoni lilikusudiwa kuwa makao makuu ya chama cha KANU, kisha mradi ukapanuka, kwani Nairobi ilikuwa imepangiwa kupokea mkutano wa Benki ya Dunia na Shirika la Fedha la Kimataifa Septemba 1973, wa kwanza kufanyika Afrika.

Mimi naona uzuri wake mkubwa uko kwenye ile koni, yaani ukumbi wa mikutano. Wapo wanaoona ua lililofumba, ila macho ya kwetu huona msonge. Na kufanana huko si kwa sura tu. Paa la koni hushusha uzito wake hadi kwenye ukingo wa chini, na hapo uzito huo husukuma kwenda nje, kana kwamba paa linataka kutanuka. Mjenzi wa msonge hulizuia kwa kufunga fito kuzunguka duara. Mhandisi wa zege naye huweka mkanda wenye nondo kwa kazi ileile. Kwa hiyo umbo tunalolipenda si pambo lililobandikwa mwishoni. Limetoka kwenye namna jengo linavyosimama. Ndiyo maana nyumba za vioo zenye umbo la sanduku, hata zikiwa ndefu vipi, husahaulika upesi: ukibadilisha kioo, hubaki na kitu kinachoweza kuwa popote duniani.

Jambo la pili ni nafasi. Mbele ya KICC kuna uwanja wazi, hivyo unaweza kurudi nyuma ukaliona lote, kuanzia kitako hadi kileleni. Jengo lililobanwa na mengine halichoreki, kwa sababu halionekani.

Katiba ya Kenya ya 2010 ilipokataza picha ya mtu binafsi kwenye sarafu na noti, ilibidi sura ya rais iondolewe. Noti mpya zilipotoka 2019, kuanzia ya shilingi 50 hadi ya 1,000, zote tano zilikuwa na KICC.