Manfred wa Sisilia: mtoto wa nje aliyekalia kiti cha baba yake

Kila ninapofundisha Italia ya karne ya 13, hakosi mwanafunzi wa kuuliza: ilikuwaje mtoto wa nje ya ndoa akawa mfalme, tena katika nchi ambayo Papa mwenyewe alidai ni milki yake? Anayeuliza hivyo huwa ameshaamua kwamba kuzaliwa nje ya ndoa ndiko kulikomkwamisha Manfred. Mimi siamini. Kilichomsumbua maisha yake yote ni kitoto cha miaka 2 kilichokuwa Ujerumani, mwana wa kaka yake, ambacho kwa haki ya urithi kilimtangulia.

Tuanze na baba. Frederick II, Kaisari wa Dola Takatifu la Kiroma lililoshika Ujerumani na kaskazini mwa Italia, alikuwa pia mfalme wa Sisilia, ufalme uliojumuisha kisiwa chenyewe na Italia yote ya kusini. Watoto wa nje alikuwa nao wengi na hakumficha hata mmoja. Enzo alipewa cheo cha mfalme wa Sardinia; Frederick wa Antiokia alitumwa Toscana kuwa mwakilishi wa Kaisari. Watoto kama hao walimfaa sana mtawala. Kwa kuwa hawakuwa na dai la kiti, kila walichokuwa nacho kilitoka mkononi mwake, na hawakuwa na sababu ya kumwombea kifo.

Manfred alizaliwa mwaka 1232. Mama yake, Bianca, alitoka katika ukoo wa Lancia wa kaskazini mwa Italia. Baadaye ilisemwa kwamba Kaisari alimuoa Bianca alipokuwa mahututi, ili watoto wahesabiwe kuwa halali. Kanisa halikuitambua ndoa hiyo. Enzo, kaka aliyekuwa na nguvu zaidi, alitekwa na watu wa Bologna mwaka 1249 na hakuachiwa mpaka alipofia huko mwaka 1272. Kwa hiyo Kaisari alipokata roho tarehe 13 Desemba 1250, katika ngome ya Castel Fiorentino huko Apulia, kusini-mashariki mwa Italia, aliyekuwa kando ya kitanda ni Manfred, kijana wa miaka 18.

Wosia ulimweka Conrad mbele, mwana halali aliyekuwa Ujerumani. Wa pili alikuwa Henry, mtoto wa mke Mwingereza wa Kaisari. Wa tatu, endapo hao wawili wangekufa bila kuacha mtoto, alikuwa Manfred. Zaidi ya hapo alipewa eneo la Taranto, huko huko kusini, na jukumu la kushika Italia kwa niaba ya Conrad mpaka afike. Shikilia hayo maneno "bila kuacha mtoto", maana ndiyo yaliyokuja kumtoa jasho.

Conrad alifika mwaka 1252 na hakupendezwa na alichokikuta. Mdogo wake alikuwa ameshazoeleka na kupendwa, na wajomba zake akina Lancia walikuwa wamejaa kila penye cheo. Alimpunguzia Manfred ardhi, akawafukuza akina Lancia nchini. Ukitaka kujua nguvu za mtoto wa nje zilikuwa wapi, tazama adui yake anapiga wapi: Conrad alipiga upande wa mama.

Mei 1254 homa ikamuua Conrad akiwa na miaka 26. Henry naye alikuwa ameshafariki. Angebaki Manfred peke yake, isipokuwa Conrad aliacha mtoto, Conradin, aliyezaliwa mwaka 1252 na ambaye baba yake hakuwahi kumtia machoni. Manfred sasa akawa baba mdogo mwenye kushika mali ya yatima.

Papa Inosenti IV aliona mwanya. Manfred, akijua hana jeshi la kutosha, alijisalimisha. Oktoba mwaka huo Papa alipovuka mpaka kuingia ufalmeni, mwana wa Kaisari alitembea kwa miguu akimshikia farasi wake hatamu. Siku chache baadaye watu wa Manfred walimuua Borrello d'Anglona, bwana mmoja aliyekuwa akigombania naye ardhi na aliyekuwa chini ya ulinzi wa Papa. Kubaki kungekuwa kujipeleka gerezani. Manfred akatoroka kupitia milimani, usiku, mvua inanyesha, akielekea Lucera.

Lucera ulikuwa mji wa Waislamu. Frederick aliwahamisha kwa nguvu kutoka Sisilia kuanzia miaka ya 1220, baada ya maasi, akawapanda katikati ya Apulia, mbali na bahari. Yeye ndiye aliyewang'oa makwao, na yeye ndiye aliyekuwa mlinzi wao pekee, kwa hiyo wakawa askari wake waaminifu kuliko wote. Hazina ya ufalme ilikuwa humo. Mkuu wa mji, Giovanni Moro, alikuwa amekwenda kupatana na Papa, na nyuma aliacha amri kwamba asifunguliwe mtu. Funguo zilikuwa kwa mtu wake.

Mwandishi wa kumbukumbu aliyekuwa karibu na Manfred anasimulia yaliyofuata langoni. Mmoja wa wafuasi aliita kwa Kiarabu: mwana wa bwana wenu yuko hapa. Walinzi walimtambua, lakini funguo hawakuwa nazo. Chini ya lango palikuwa na mfereji wa maji machafu, wakamwambia apite humo. Manfred akashuka kwenye farasi, akainama ili atambae. Hapo wale walinzi wakaona haya: mtoto wa Kaisari aingie mjini kwa njia ya maji taka? Wakalivunja lango, wakambeba juu juu mpaka ndani. Mwandishi huyo alimpenda Manfred, na huenda alitia chumvi. Matokeo lakini hayana ubishi. Mapema Novemba alikuwa hana kitu. Tarehe 2 Desemba, akiwa na fedha na wapiga mishale wa Lucera, alilishinda jeshi la Papa huko Foggia. Siku 5 baadaye Inosenti alifariki Napoli.

Kufikia mwaka 1257 nchi yote ilikuwa mkononi mwake, bado kwa jina la Conradin. Kisha ukazuka uvumi kwamba mtoto amekufa. Nani aliuanzisha? Mimi nina dhana yangu, na nadhani unayo yako. Tarehe 10 Agosti 1258 Manfred alitawazwa Palermo. Wajumbe walipokuja kutoka Ujerumani kusema kijana yu hai, taji halikurudishwa.

Mwaka 1261 Sultani Baybars wa Misri alimtumia mjumbe, msomi Ibn Wasil, aliyekutana naye Apulia. Anaeleza kwamba maofisa wengi wa karibu wa mfalme walikuwa Waislamu, kwamba adhana ilisikika kambini mwake bila kificho, na kwamba mfalme alihifadhi kanuni 10 za jiometria ya Euclid, mwanahisabati wa Kigiriki wa kale. Ibn Wasil hata alimwandikia kitabu cha mantiki. Mambo hayo hayo ndiyo mapapa waliyoyatumia kumchafua, na maadui zake wakamwita sultani wa Lucera. Alikuwa ametengwa na Kanisa, na jeshi lake la Waislamu halikuweza kutishwa kwa kutengwa huko.

Mapapa Urbano IV na Klementi IV, wote Wafaransa, wakampa Charles wa Anjou, ndugu wa mfalme wa Ufaransa, ufalme huo. Tarehe 26 Februari 1266 majeshi yalikutana Benevento. Wapanda farasi wa Kijerumani wa Manfred walivaa mabamba ya chuma ambayo panga za Wafaransa hazikuyapenya, mpaka mtu akagundua kwamba mkono ukiinuliwa kupiga, kwapa linabaki wazi. Walipoanza kuanguka, wengi wa mabwana wa ufalme waligeuza farasi. Manfred aliingia vitani na kufa humo. Charles alimnyima maziko ya Kanisa. Askari walimfunika kwa mawe karibu na daraja, kila mmoja akitupia lake. Mshairi wa Kiitalia Dante anasimulia kwamba askofu wa Cosenza aliufukua mwili huo kwa idhini ya Papa na kuutupa nje ya mipaka ya ufalme.

Conradin alikuja kudai urithi wake akiwa na miaka 16, akashindwa, akakatwa kichwa Napoli Oktoba 1268.

Mke wa Manfred, Helena, alikufa kifungoni. Binti mkubwa wa Manfred, Constance, alikuwa ameolewa na Peter wa Aragon, ufalme uliokuwa katika Hispania ya leo, na Wasisilia walipowaasi Wafaransa mwaka 1282, Peter alikuja kukidai kiti kwa haki ya mkewe. Mwaka 1284 ushindi wa baharini uliwapa watu wa Aragon mateka mkubwa, mwana wa Charles, nao wakamtumia kumtoa Beatrice, mdogo wake Constance. Wana wa kiume wa Manfred, waliofungwa wakiwa wadogo, hawakukombolewa. Walikuwa watoto wa ndoa halali, na kama wangetoka, wangemtangulia dada yao katika urithi.