Ngoma isiyochuja ni ngoma ya namna gani?

Neno lenyewe tumelitoa kwenye nguo. Kanga mpya ikilowekwa mara ya kwanza na maji ya beseni yakageuka mekundu, mwenye nayo huguna, maana anajua ikifuliwa mara tatu haitafaa tena kutokea shughulini. Inachuja. Wapenzi wa muziki wakaliazima neno hilo, na leo msanii aliyevuma miaka miwili kisha jina likapotea, mtaani watasema "kachuja" na kila mtu ataelewa. Ngoma isiyochuja, basi, ni ile iliyofuliwa na miaka ikabaki na rangi yake.

Watu wengi huichanganya na zilipendwa, na mimi naona ni vitu viwili tofauti kabisa. Zilipendwa ina -li- ndani yake. Zilipendwa wakati ule, na leo tukizisikiliza tunarudi wakati ule: dansi la Jumamosi, redio ya mzee sebuleni, suruali za bugaluu. Utamu wake umo katika safari ya kurudi. Ngoma isiyochuja hairudi popote. Inakufuata ulipo. Kijana aliyezaliwa miaka kumi baada ya wimbo kutoka anaweza kuusikia leo kwa mara ya kwanza, hajui enzi zile zilikuwaje, wala hana kumbukumbu yoyote ya kumsaidia kuupenda, na bado ukamshika kifuani kama ulivyomshika mtu wa kwanza kuununua. Hicho ndicho kipimo changu.

Kwenye hip hop kipimo hicho ni kigumu kuliko kwenye taarabu au rumba. Rapu inaandikwa kwa lugha ya vijana wa mwaka huo, na hakuna kinachozeeka upesi kama misimu ya mtaani. Mistari inajaa majina ya viatu, magari na mahasimu ambao baada ya miaka mitano hakuna anayewakumbuka. Biti nazo zinafuata mashine ya wakati wake. Mashine ikipitwa, biti inasikika kizamani. Kwa hiyo ngoma ya rapu inapovuka miaka thelathini bila kuchuja, inafaa kuifungua tuone imeshonwa vipi.

Mfano ninaouamini kuliko mingine ni "They Reminisce Over You (T.R.O.Y.)" ya prodyuza Pete Rock na mghani CL Smooth, iliyotoka 1992. Kwa Kiswahili jina lake ni kama kumwambia mtu, "Wanakukumbuka." Wawili hawa ni wa Mount Vernon, mji wa New York unaopakana na Bronx upande wa kaskazini. Heavy D, kiongozi wa kundi la Heavy D & the Boyz, alikuwa binamu yake Pete Rock, na katika kundi hilo alikuwemo mcheza shoo aliyeitwa Troy Dixon, jina la jukwaani Trouble T-Roy. Tarehe 15 Julai 1990, kundi likiwa ziarani Indianapolis, Troy alianguka kutoka juu baada ya onyesho, akafariki. Alikuwa na miaka 22.

Pete Rock ameeleza mwenyewe kwenye mahojiano kwamba biti hii aliitengeneza akiwa katika majonzi. Alikuwa akipekua santuri, akakutana na moja ya mpiga saksafoni Tom Scott, na alichokisikia kikamliza. Alianza na besi. Baadaye akaisikia saksafoni ndani ya santuri ile ile, akaichukua nayo. Siku ya kuchanganya sauti, waliokuwa studio wakajikuta wote wanalia.

Hapa inabidi nieleze sampo, maana bila sampo hatutaufahamu wimbo huu. Sampo ni kipande cha sauti kinachokatwa kwenye rekodi ya zamani na kupandwa ndani ya mpya. Wakati ule Pete Rock alikuwa anatumia mashine iitwayo SP-1200, ambayo kumbukumbu yake yote ilibeba sauti ya sekunde 10 tu. Dramu, besi, saksafoni, kila kitu kiingie humo. Maprodyuza wakabuni ujanja: santuri ya kuzungushwa mara 33 kwa dakika waliizungusha kwa 45 ili sauti ipite mbio na kula nafasi ndogo, kisha wakaipunguza kasi ndani ya mashine. Ikitoka huko inakuwa na mikwaruzo na kiza kidogo, kama mtu anayeongea nyuma ya pazia. Kilichoanza kama ubahili wa kumbukumbu kikageuka kuwa rangi ya muziki wa kizazi kizima.

Sasa angalia saksafoni hiyo ilikotoka. Ni ya mwaka 1967. Tom Scott alikuwa kijana wa miaka kumi na tisa hivi, na anachopiga ni "Today", wimbo wa mapenzi wa bendi ya rock ya Jefferson Airplane. Hakuna msiba humo. Miaka ishirini na mitano baadaye kijana aliyefiwa na rafiki anapitisha sindano juu ya santuri hiyo na kusikia kilio. Akakata sekunde chache tu, akazirudia, na akazipa kazi ambayo kwa kawaida hufanywa na maneno: kiitikio cha wimbo hakiimbwi, kimeachiwa saksafoni. Mwenye kughani anafika mwisho wa ubeti, ananyamaza, na chombo kinasema alichoshindwa kukisema. Wimbo wa kukumbuka umejengwa kwa kitu kilichokumbukwa kutoka kwenye rafu ya santuri. Sijui prodyuza aliyeunganisha mbinu na maana vizuri kuliko hapo.

Mimi niliupata kwenye kaseti iliyonakiliwa kutoka kaseti nyingine, utepe umelegea kiasi kwamba saksafoni ilikuwa inayumba kama mlevi. Kiingereza changu kilikuwa cha darasani, na Kiingereza cha CL Smooth hakikuwa cha darasani. Sikuelewa hata robo. Lakini nilijua kuna mtu amekufa.

Miaka ilivyopita nikayafikia maneno, na humo ndimo nilimoelewa kwa nini ngoma haichuji. Ukiambiwa ni wimbo wa kumwombolezea Troy, unategemea Troy atajwe tangu mstari wa kwanza. Hatajwi. CL Smooth anaanza na kuzaliwa kwake mwenyewe, tarehe 8 Oktoba. Babu anakuja kumwona mtoto, na siku hiyo babu hajalewa. Wanahesabu vidole vya mikono, wanahesabu vya miguu. Mama amempita mtoto wake miaka 18 tu, na alipofika miaka 21 alikuwa na mtoto wa pili, analea peke yake. Baba mzazi hakujali. Mwanamume mwingine wa ukoo ndiye aliyemshika mkono mtoto mpaka akawa mwanamume. Jamaa anapanga watu wake mmoja mmoja kama mtu anayeonyesha albamu ya picha, na wewe msikilizaji bado hujui marehemu yuko wapi.

Mwishoni kabisa anakutegea fumbo: chukua herufi ya kwanza ya kila neno kwenye jina la wimbo. T, R, O, Y. Hapo ndipo anapomwita rafiki yake na kumuuliza: mimi na wewe tulijuana vipi? Anajibu mwenyewe, kwamba ilikuwa mbele ya mahali paitwapo Big Lou's, wakipigana mtaani. Halafu anamshukuru kwa kumwamini kabla wengine hawajamwamini, na ubeti umekwisha.

Aliyewahi kukaa matangani analijua hilo jambo. Siku ya kwanza ni vilio na dua. Siku ya pili, watu wakiwa kwenye mikeka, anatokea mmoja anasema, "Mimi na marehemu tulianza kwa ugomvi," na watu wanacheka huku machozi yakiwatoka. Sifa kubwa kubwa hazifanyi hivyo. Nyimbo nyingi za kuombolezea huchuja kwa sababu zimeandikwa ili zimfae kila marehemu: tulikupenda, Mungu kakupenda zaidi. Ni maneno ya kweli na yanafariji, ila hayana uso. Hapa pana babu ambaye leo hajalewa, na vidole vinavyohesabiwa, na ngumi mbele ya Big Lou's. Mimi sijafika Mount Vernon, lakini nina babu yangu, na nina rafiki niliyeanza naye kwa ngumi. Nikiwasikia wa kwake, wa kwangu wanajitokeza wenyewe.

Nisisitize kwamba kutochuja hakuna uhusiano mkubwa na kuvuma. Wimbo huu haukufika hata 40 bora kwenye chati kuu ya nyimbo za Marekani. Zilizouzwa kuliko huo mwaka ule ni nyingi, na nyingine huwezi kuzitaja leo bila kukumbushwa. Nguvu yake ilikuja kuonekana vizuri 2012, miaka ishirini baadaye, rapa Lupe Fiasco alipotoa wimbo uliojengwa juu ya saksafoni ile ile. Pete Rock alisema hadharani kuwa imemuuma, na mashabiki wakagawanyika. Kisheria saksafoni si yake. Ni ya rekodi ya Tom Scott. Lakini kwa wana hip hop ile sauti ilikuwa imeshakuwa kaburi la mtu, na juu ya kaburi hujengi kibanda bila kubisha hodi. Baadaye mambo yalipoa. Mimi sina ugomvi na Lupe, ambaye alitaka kuonyesha heshima, ila maumivu ya Pete Rock nayaelewa kabisa.

Kuna ngoma zinazokataa kuchuja kwa njia nyingine, na sisi tunayo ya karibu. "Ndio Mzee" ya rapa wa Tanzania Professor Jay, kutoka mwanzoni mwa miaka ya 2000, ni mgombea anayemwaga ahadi na umati unaitikia "ndio mzee". Huo hauhifadhiwi na huzuni wala sampo. Unahifadhiwa na kalenda: kila baada ya miaka mitano uchaguzi unarudi, na wimbo unakuwa mpya bila kuguswa. Mwenyewe Professor Jay akaja kuchaguliwa kuwa mbunge wa Mikumi mwaka 2015, ikawa sababu nyingine ya watu kuusikiliza upya. Hata hivyo nikiulizwa upi una mizizi mirefu zaidi, nitasema T.R.O.Y., kwa kuwa uchaguzi una msimu wake na kifo hakina.

Tulipompoteza binamu yetu, usiku wa pili wa matanga vijana tulikuwa chini ya turubai, redio imezimwa kama inavyotakiwa. Mmoja wetu akaitoa simu, akapunguza sauti, akaiweka ngoma hiyo katikati ya mkeka kwa sababu marehemu alikuwa akiipenda. Shangazi alikuwa anapita na birika la chai. Hajui neno la Kiingereza na rapu kwake ni kelele. Akasimama. Akasubiri saksafoni irudi mara ya pili, kisha akauliza, "Huyo anayepuliza, amefiwa na nani?"

Nikamweleza kwamba aliyepuliza hakufiwa, alikuwa kijana anapiga wimbo wa mapenzi. Aliyefiwa ni mwingine, aliyekuja kumsikiliza baadaye. Shangazi akalitua birika, akakunja kanga yake vizuri, akakaa nasi mpaka wimbo ukaisha.