Kambale wa wiki ya kwanza

Desemba, soko la Majengo hapa Dodoma, mama muuza samaki alipasua kambale wa Hombolo mbele yangu, mayai yakajaa bakuli. "Mwanangu, mvua ikianza kila ninayempasua ana mayai. Kiangazi mbona hawana?"

Ni hesabu ya akiba, mama. Chakula anachokula kambale kinaweza kumkuza, kumpa mafuta ya safari, au kugeuka mayai. Akizidisha huku, anapunguza kule. Maji yakipanda, jike huacha bwawa usiku na kufuata mkondo hadi kwenye majani yaliyofurika, pengine maji hayafiki goti. Njia ikikatika hujikokota hata juu ya tope, maana anavuta hewa. Huko hutaga makumi ya maelfu ya mayai madogo yanayonata kwenye majani, kisha anageuza. Hayalindi. Katika maji ya vuguvugu yanaanguliwa kwa siku moja au mbili, na vifaranga hukuta vijidudu tele kabla eneo lililofurika halijakauka.

Perege wa bwawa hilohilo hana safari ya namna hiyo. Mayai yake ni machache, makubwa zaidi, na jike huyaatamia mdomoni takribani wiki mbili, karibu bila kula. Bwawa likipungua na nyavu zikizidi, perege huanza kuzaa akiwa hajazidi kiganja. Wavuvi husema mbegu imeharibika. Mimi naona kinyume: pale wakubwa hawadumu, anayesubiri akue kwanza hufa bila mtoto.

Mkunga wa mto Rufiji, yule samaki mrefu kama nyoka, ndiye kamari kamili. Anakulia kwenye maji baridi kwa miaka, anateremka Bahari ya Hindi, anazaa mara moja, anakufa. Kambale safari yake ni fupi, kwa hiyo hubakiza nguvu za mwakani.

Ila mwakani haufiki kama kalavati imezibwa kwa wavu siku ya mvua ya kwanza. Hapo anavuliwa na akiba yote tumboni, hata yai moja halijatagwa. Nikamshauri mama anunue wa wiki ya tatu, wanaorudi.

"Wa wiki ya tatu amekonda," akasema, akifunga mzigo wa mteja mwingine. "Tena wateja wangu wanapenda hayo mayai."