Binadamu wa kale alikula nini? Inategemea ulimkuta mwezi gani

Kuna hii dayati ya "mtu wa kale", watu wanakula nyama asubuhi mpaka usiku eti ndivyo mababu walivyoishi. Mi huwa nauliza, babu yupi, na mwezi gani?

Ukisikia wawindaji na wakusanyaji, ni watu wasiolima wala kufuga, wanaishi kwa kuwinda, kuchimba mizizi, kuchuma matunda na kurina asali. Hiyo kukusanya ndo tunaisahau, wakati siku mnyama amekosekana ndo inayojaza tumbo.

Chukulia Wahadzabe wa Ziwa Eyasi. Sio watu wa kale jamani, ni Watanzania wenzetu wa leo, ila wachache wao bado wanategemea pori. Kiangazi maji yanabaki sehemu chache na wanyama wote wanajaa hapohapo, mwindaji anajificha usiku na upinde wake anasubiri, kwa hiyo nyama inakuwa nyingi. Mvua ikinyesha maji yako kila mahali, wanyama wanatawanyika, utamvizia wapi? Basi asali na matunda ya porini yanashika zamu. Mizizi ipo mwaka mzima, akina mama wanaichimba kwa mti uliochongwa ncha, wanaibabua motoni kidogo tu, unatafuna unafyonza halafu unatema makapi kama ya muwa. Na ubuyu, unga unakorogwa na maji, mbegu zinatwangwa, hakitupwi kitu. Mwaka 2017 watafiti walionyesha kwamba hata bakteria wa tumboni mwao wanafuata msimu, kuna aina zinapungua sana masika halafu kiangazi zinarudi!

Sasa rudi nyuma kabisa, Bonde la Olduvai, kaskazini mwa Tanzania, Julai 1959, mtafiti wa mambo ya kale Mary Leakey anakuta fuvu la Zinjanthropus (kiumbe wa kale wa ukoo wa binadamu), la miaka kama milioni 1.75. Magego ya huyo Zinjanthropus makubwa balaa mpaka akabandikwa jina la mvunja karanga (na si babu yetu wa moja kwa moja, ni kama ndugu wa upande). Wengi tulijua huyu kazi yake kupasua vitu vigumu tu. Baadaye wakapima kemia ya meno ya jamii yake, kumbe sehemu kubwa ya mlo wake ilitokana na mimea ya ukoo wa nyasi na ndago, ndago hizihizi mkulima anazozitukana kila akishika jembe.