Usakinishaji usiouliza maswali

Ukisakinisha Debian, mfumo endeshi wa familia ya Linux, kwa mkono, kisakinishi kinauliza lugha, kibodi, jina la kompyuta, nywila, saa za eneo, diski igawanywe vipi na programu zipi ziwekwe. Kompyuta ikiwa moja, unajibu na kuendelea na shughuli zako. Zikiwa arobaini katika maabara ya shule, fundi anashinda akizunguka meza hadi meza kubonyeza majibu yaleyale, na uchovu ukiingia, chache zitatoka tofauti na wenzake. Tofauti hizo ndizo zinazosumbua baadaye.

Usakinishaji wa kiotomatiki ni kuyaandika majibu yote mapema kwenye faili moja, kisha kukiachia kisakinishi kijisomee. Debian huita njia hiyo preseed; kati ya mifumo mingine ya Linux, Red Hat huiita Kickstart, na Ubuntu Server autoinstall, iliyoanza na toleo la 20.04. Windows hutafuta faili liitwalo autounattend.xml kwenye flashi.

Mstari wa preseed unaonekana hivi:

d-i time/zone string Africa/Dar_es_Salaam

Sehemu ya kwanza inamtaja anayeuliza, yaani kisakinishi chenyewe. Ya pili ni swali, ya tatu ni aina ya jibu, na mwishoni jibu lenyewe. Faili zima ni mistari ya namna hiyo. Swali la lazima ulilosahau kulijibu halirukwi: kisakinishi kinasimama na kusubiri mtu, hata kama seva iko chumba kisicho na skrini. Kwa hiyo jaribu faili lako kwanza kwenye kompyuta pepe, yaani kompyuta ya kuigiza inayoendeshwa ndani ya kompyuta nyingine.

Mpangilio wa maswali nao una maana. Faili likikaa kwenye seva ya mtandao, kisakinishi hakiwezi kulisoma kabla ya kuunganishwa, ilhali lugha na kibodi kwa kawaida huulizwa mwanzo kabisa. Debian hutatua hilo kwa kigezo auto=true wakati wa kuwasha, ambacho huyaahirisha maswali hayo mpaka faili lipatikane.

Hatari kubwa iko kwenye diski. Ukishaandika kwamba ugawaji umekubaliwa, hakuna atakayekuuliza "una uhakika?" Flashi ya namna hiyo ikisahaulika kwenye kompyuta ya mwenzako, akaiwasha kupitia flashi, kazi zake zinafutika. Tena jina /dev/sda, ambalo Linux huipa diski inayoiona kwanza, si la kuaminiwa sana, kwani flashi yenyewe inaweza kulichukua. Ubuntu wamefanya jambo la busara hapa: bila neno autoinstall kwenye vigezo vya kuwasha, kisakinishi huomba kibali kabla ya kugusa diski.

Nywila isiandikwe wazi kwenye faili, maana yeyote anayefikia seva linakokaa ataisoma. Kwenye preseed, weka iliyofumbwa kwa swali la passwd/root-password-crypted, na uibadilishe kazi ikiisha.

Wa Red Hat wana njia rahisi ya kuanza: sakinisha kompyuta moja kwa mkono, kisha fungua /root/anaconda-ks.cfg. Majibu uliyotoa yako humo, tayari kurekebishwa.