Kinachoua zaidi katika kimbunga ni maji
Wengi huamini kwamba kimbunga huua hasa kwa upepo, na kwamba upepo ukishapungua hatari imekwisha. Si kweli. Kimbunga Haiyan, kilichozaliwa juu ya maji yenye joto ya Pasifiki ya magharibi na kuipiga Ufilipino tarehe 8 Novemba 2013, kilisukuma bahari ikafurika mjini Tacloban kwa kimo cha mita 5 hivi, na wengi kati ya watu zaidi ya 6,000 waliofariki nchini humo walikufa maji. Inasikitisha kwamba onyo lilitolewa, lakini wengi hawakuelewa uzito wake. Kikiingia nchi kavu, kimbunga hukosa mvuke wa bahari unaokilisha na upepo hulegea, ilhali mvua yake huweza kuleta mafuriko na maporomoko ya ardhi mbali na pwani.