Ardhioevu ya pwani ni nini hasa?

Muulize mtu wa Bagamoyo ardhioevu iko wapi, huenda akakuelekeza bara, kwenye mabonde ya mpunga, ilhali mwenyewe amesimama juu yake. Neno hili ni la maofisini zaidi kuliko la majahazini: ardhi, na oevu, yaani iliyolowa chepechepe. Lakini lugha ilishalijua jambo lenyewe zamani. Pwani ni pale panapopwa. Maji yanajaa, maji yanakupwa, na eneo linalobaki wazi kwa saa chache si bahari wala si nchi kavu.

Mkataba wa Ramsar wa mwaka 1971, ule wa kimataifa wa kulinda ardhioevu, ambao Tanzania ilijiunga nao mwaka 2000, unalitanua neno zaidi ya wengi wanavyodhani. Hata maji ya bahari yamo, mradi yakishakupwa kina chake kisizidi mita 6. Kwa hiyo usihesabu mikoko na matope peke yake: weka na majani ya bahari, matumbawe ya maji madogo, na hata mabwawa ya kuvunia chumvi, ingawa hayo yamechimbwa na watu.

Mikoko ndiyo inayonivutia mimi kuliko vyote. Kwenye mlango wa mto Ruvu, kaskazini ya mji, utaona kwamba "mikoko" ni jina la ukoo mzima. Mlilana hupenda kutangulia mbele, uso kwa uso na bahari. Mkoko wenyewe husimama juu ya mizizi iliyopinda kama matao, na mbegu yake huota ingali mtini. Mche ukidondoka, hujichoma kwenye matope au huelea hadi upate pa kushika. Mchu huvumilia chumvi kali na huitoa kupitia majani. Lamba jani lake, utaionja. Vile vijiti vinavyochomoza matopeni kuuzunguka ni mizizi inayopumua, kwa sababu ndani ya matope hewa karibu hakuna.

Majani yakianguka, kaa huyaburuta hadi mashimoni na tondo, konokono wa matopeni, huyala papo hapo. Kamba wachanga hukulia humo humo katikati ya mizizi kabla ya kutoka baharini, kwa hiyo anayekata mikoko anapunguza pia kitoweo cha jirani yake. (Kuikata bila kibali ni kosa kisheria, japo boriti zake zimejenga nyumba nyingi za pwani hii.)

Kuanzia Septemba hivi huja vitwitwi, ndege wahamiaji, kutoka kaskazini ya Ulaya na Asia, wakidonoa matope pamoja na yangeyange wetu wa kila siku. Ukipanda hadi hifadhi ya Saadani, wanyama wanakuwa wakubwa: viboko na mamba katika mto Wami, heroe (flamingo) kwenye maji ya chumvi, na kasa wanaotaga mayai ufukweni Madete.

Kwenda kutazama, chagua siku za bamvua, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu. Siku hizo maji hukupwa sana mnamo saa nne asubuhi. Simama kimya dakika chache. Kaa waliokimbilia mashimoni watachungulia tena, dume mwenye gando moja kubwa akilipunga. Na vaa viatu vya kufunga kamba, maana matope ya mikoko hayarudishi kandambili.